Sindano ya Pili

Profesa Tieku Nimako alikuwa na vyeti kumi na saba ukutani, na Inspekta Dufie Ampofo alipewa muda wa kutosha wa kuvihesabu vyote. Aliambiwa aje saa mbili na nusu asubuhi. Saa tatu na robo mlango wa ndani ulikuwa bado umefungwa, na nyuma yake mtu alikuwa anacheka kwenye simu, kicheko kinene cha mtu aliyeshiba. Vyeti viwili vilikuwa vya kuhudhuria semina. Kimoja kilikuwa cha kushiriki mashindano ya gofu, bila kusema mwenyewe alishika nafasi ya ngapi.

"Profesa ana shughuli nyingi," alisema katibu muhtasi bila kuinua macho.

"Nazisikia," Dufie akajibu.

Alikuwa na miaka ishirini na sita katika upelelezi, na alishazoea kumpima mtu kwa jinsi anavyowaweka wengine benchi. Huyu alishamjua kabla hajamwona.

Kilichomleta pale kilikuwa kifo. Mwalimu Opoku Tweneboa, aliyefundisha jiografia mpaka Kumasi nzima ikamjua, alikuwa na saratani ya uboho. Kitengo hiki cha hospitali kilimlaza kando ya mashine, damu ikatoka mkono mmoja, ikazungushwa, seli shina zikachujwa, damu iliyobaki ikarudi kwa mkono wa pili. Zile seli zikagandishwa kwenye pipa la baridi kali. Kisha akapewa dawa iliyofagia uboho wake wote, mzuri na mbaya, na siku mbili baadaye akarudishiwa seli zake ili ziote upya. Hazikuota. Siku ya kumi na tisa Mwalimu alikufa kwa mafua ambayo mtu mwenye damu yake angeyapiga chafya yakaisha.

Profesa mwenyewe ndiye aliyewaandikia polisi. Kurasa nne, zimepigwa chapa, zikimtaja Daktari Frema Bempah, mwanafunzi wake wa mwaka wa pili wa ubingwa. Kwa mujibu wa kurasa hizo, Frema aliachiwa mashine siku ya kuvuna seli, akaiendesha vibaya, akavuna maji matupu, akanyamaza. Sasa alikuwa mahabusu tangu juzi, na saa nane mchana angepandishwa kwa hakimu kwa kosa la kuua kwa uzembe. Alipohojiwa alisema maneno matatu tu, "Sina la kusema," na Kamanda akafurahi, kwa kuwa alipenda kesi zinazojifunga zenyewe.

"Nenda kamalizie karatasi," alimwambia Dufie. "Na usimzungushe Profesa. Ni mtu mkubwa."

Mlango ukafunguliwa. Mtu mkubwa alikuwa mfupi, na koti lake jeupe lilipigwa pasi mpaka likasimama peke yake.

"Madam Inspekta. Samahani, nilikuwa naongea na chuo. Sayansi hii ni nzito kidogo, lakini nitajitahidi kukurahisishia."

"Nieleze kama unavyowaeleza wanafunzi wako."

"Wanafunzi wangu wana digrii mbili mbili."

"Basi nieleze polepole," alisema Dufie, akafungua daftari.

Profesa alieleza. Alipenda kusikia sauti yake na hakuona sababu ya kuwanyima wengine. Kitengo chake kilikuwa na kibali cha muda cha kufundisha ubingwa wa kuchuja damu kwa mashine na tiba ya seli. Madaktari wawili kila mwaka. Kila mmoja alikuwa na kitabu cha mafunzo ambamo kila tiba aliyofanya iliandikwa, na chini yake msimamizi alitia saini kuthibitisha kwamba alikuwepo kando ya kitanda.

"Na msimamizi ni nani?"

"Ni mimi. Bila saini yangu hapatoki bingwa hapa."

Akamsukumia kitabu cha Frema. Tiba sitini na moja, saini sitini na moja, zote za wino uleule wa bluu. Dufie alipitisha kidole kwenye tarehe bila haraka.

"Tarehe kumi na nne, saa tano asubuhi, ulikuwa kando ya mgonjwa wa selimundu wodi ya watoto. Tarehe hiyohiyo, saa hiyohiyo, ulikuwa kando ya mchangia damu hapa chini."

"Ni majengo mawili ya karibu."

"Saa hiyohiyo, Profesa."

"Nasaini zote Ijumaa," alisema Profesa, na kwa mara ya kwanza alikunja uso. "Kila mahali duniani wanasaini Ijumaa. Huu ni utaratibu wa ofisi tu, hauhusiani na kifo."

"Siku Mwalimu alipovunwa seli ulikuwepo?"

"Hapana. Nilimwamini yule binti. Hilo ndilo kosa langu, na nimeliandika."

"Kuna saini yako."

"Ya Ijumaa, nimekwambia."

"Na siku ya kumrudishia?"

"Hiyo nilikuwepo mwanzo mpaka mwisho." Profesa akaegemea kiti, uso ukamtulia. Hapa alijua njia. "Mfuko ulitoka kwenye pipa saa nne. Ukayeyushwa kwenye maji ya uvuguvugu. Saa nne na dakika ishirini nikaanza kuuingiza, na dakika kumi na mbili baadaye ulikuwa umeisha. Ile harufu ya kitunguu saumu ikajaa chumba kama inavyotakiwa. Ni dawa tunayochanganya na seli ili zisipasuke kwenye baridi, mgonjwa anaitoa kwa pumzi. Nikaagiza dirisha lifunguliwe, nikamshika mkono Mwalimu, nikaondoka. Kazi safi. Lakini huwezi kupanda mbegu zilizooza ukavuna."

"Maneno mazuri," alisema Dufie. Aliyaandika yote, hata dirisha.

*

Pipa la seli lilikuwa chumba cha chini, na lilitunzwa na Issaka, fundi wa maabara mwembamba mwenye soksi za rangi mbili tofauti. Dufie alishuka akiwa na shaka yake mwenyewe. Mhudumu wa usafi alikuwa amemnong'oneza kwamba mwezi uliopita king'ora cha pipa kililia asubuhi nzima na Issaka akakizima. Pipa likikauka, kila kilichomo kinakufa, na fundi anayeogopa kufukuzwa anaweza kukaa kimya.

"King'ora kililia," alikubali Issaka kabla hajamaliza kuulizwa. "Betri yake ilikuwa imekwisha. Pipa lilikuwa na naitrojeni mpaka hapa." Akajigusa kifuani. "Napima kwa kijiti kila asubuhi, naandika. Soma mwenyewe, dada."

Alisoma. Hakuna siku iliyoruka.

"Maandishi yanaweza kutungwa."

"Yanaweza. Lakini wagonjwa huwezi kuwatunga. Wiki ileile ya Mwalimu nilitoa mifuko miwili mingine humuhumu. Mmoja ni fundi gari, mwingine mama wa mtaa wa Bantama. Wote wako nyumbani wanakula fufu. Pipa lingekauka wangekufa nao."

Shaka ya Dufie ilikufa palepale, na hakuisikitikia. Alikuwa amempenda yule mtu kwa soksi zake.

"Profesa anasema mfuko wa Mwalimu ulikuwa na maji matupu."

Issaka alivuta droo, akatoa daftari la shule lenye jalada la kuchanika, akalifungua kwa kidole gumba.

"Hii ni hesabu niliyofanya siku ya uvunaji. Seli shina milioni nne na nusu kwa kila kilo ya mgonjwa. Zinazohitajika ni milioni mbili. Daktari Frema alivuna kuliko wote waliopita hapa."

"Kwenye jalada hakuna karatasi hiyo."

"Ilikuwepo. Niliipeleka mwenyewe."

"Labda ziliharibika kwenye baridi."

"Nilifikiri hivyo na mimi. Kila mfuko tunagandisha na kichupa kidogo pembeni, cha majaribio. Mwalimu alipofariki nikakiyeyusha. Seli tisa kati ya kumi zilikuwa hai." Akafunga daftari. "Nikampelekea Profesa majibu. Akaniambia nisijisumbue kuandika."

"Na wewe ukatii."

"Hakuniambia nisiandike kwenye daftari langu."

Dufie alikaa juu ya kreti tupu. Basi seli zilikuwa hai zilipotoka pipani saa nne. Zilipofika mwilini zilikuwa zimekufa.

"Issaka, ni nini kinachoweza kuua mfuko mzima baada ya kutoka hapa?"

"Kukaa. Ile dawa inayozilinda kwenye baridi inageuka sumu zikishayeyuka. Unayeyusha na unaingiza, hapohapo. Robo saa, nusu saa ukizidi. Huo mfuko hausubiri mtu."

"Siku ile kulikuwa na jambo gani lisilo la kawaida?"

"Wakaguzi wa chuo walikuja kutoka Accra, kwa ajili ya kibali. Tuligawiwa makoti mapya, jioni tukanyang'anywa."

*

Muuguzi mkuu, Sista Comfort Amankwaa, alimpokea kwenye korido kama mtu anayedaiwa kodi. Karatasi ya vipimo vya Mwalimu ya siku ile? Imepotea. Nani alikuwepo chumbani? Profesa, kama alivyoandika. Kwa nini anaangalia sakafu? Sakafu ni chafu.

"Imebaki miaka minne nistaafu, Madam," alisema hatimaye. "Uliza maswali yako uende."

"Nipe daftari la kabati la dawa."

Hilo Sista hakulitegemea. Karatasi za mgonjwa ziko kwenye jalada la mgonjwa, na mtu mwenye mikono mirefu anaweza kulifikia. Daftari la kabati linakaa kwa kamba kwenye mlango wa kabati, ni la kuwabana wauguzi wasiibe, na hakuna profesa duniani anayejua hata kama lipo. Kila chupa inayotoka inaandikwa saa, jina la mgonjwa na mkono ulioitoa.

Dufie aliikuta siku ile katikati ya ukurasa. Sindano ya kuzuia mzio, Tweneboa, chumba namba tatu, saa nne na dakika tano. Mistari sita chini yake, sindano ya kuzuia mzio, Tweneboa, chumba namba tatu, saa sita na dakika kumi. Mwandiko wote ulikuwa wa Sista Amankwaa.

"Sindano hii hutolewa lini?"

"Kabla ya kuingiza seli."

"Kabla tu?"

"Mgonjwa alikuwa anajikuna," alisema Sista haraka. "Ndiyo maana nikarudia."

"Sikukuuliza kwa nini ulirudia."

Sista akatazama tena sakafu yake, ambayo ilikuwa inang'aa.

Mlango wa chumba namba tatu ulikuwa wazi na mwanamke mnene wa makamo alikuwa ndani akikunja shuka lake mwenyewe. Alikuwa Maame Araba, mjane wa Mwalimu, aliyekuja kuchukua redio na ndara za mumewe. Alikuwa Mfante wa Cape Coast, na Kumasi alikuwa akiuza dokono, mahindi yaliyochachushwa na kufungwa kwenye majani ya mgomba. Hakuna polisi aliyewahi kuongea naye. Kurasa nne za Profesa zilimtaja mara moja, kama "mke, mfanyabiashara ndogondogo".

"Mama, pole sana. Siku aliyorudishiwa seli ulikuwepo?"

"Nilifika saa saba mchana na supu yake. Asubuhi walinikataza, walisema kuna wageni." Aliweka shuka kwenye mfuko wa plastiki. "Nikaingia, chumba chote kinanuka unga wangu. Unga wa siku ya nne, ule unaotaka kuharibika. Nikamwambia, we mzee, mimi nimekuacha mwalimu, nimekukuta dokono. Akacheka mpaka akakohoa. Nikataka kufungua dirisha, Sista akanifokea, kwamba hapa hakuna dirisha la kufungua, unataka kumuua mumeo?"

Aliposema neno la mwisho akaanza kukunja upya shuka ambalo lilikuwa limeshakunjwa. Dufie alimsaidia kubeba redio mpaka kwenye ngazi. Aliporudi alisimama mbele ya dirisha la chumba namba tatu kwa muda, akaligonga kwa kucha, kisha akaenda kumwita Profesa.

*

Profesa alikuja akitazama saa yake ya mkononi, na Sista akafuata nyuma kwa kuwa Dufie alimwambia afuate.

"Nina mhadhara saa sita."

"Hutachelewa. Nataka tu kuelewa mlivyokaa. Wewe ulisimama wapi?"

"Hapa." Profesa akaenda kuumeni kwa kitanda.

"Na mfuko?"

"Ulitundikwa hapo juu. Dakika kumi na mbili, nimeshasema."

"Harufu ikajaa."

"Ikajaa. Nikaagiza dirisha lifunguliwe."

"Nifungulie nilione."

Profesa aliguna kwa dharau ya mtu anayetumwa kazi ya mtumishi, akapiga hatua mbili, akanyoosha mkono. Mkono ulikwenda pale ambapo kitasa kingekuwepo. Ukapapasa fremu ya alumini upande wa kulia, ukahamia kushoto, ukashuka chini. Palikuwa na kioo kimoja kizima na ukanda wa mpira mweupe uliokizunguka pande zote nne.

"Limezibwa tangu Novemba," alisema Dufie. "Mgonjwa asiye na kinga havuti hewa ya barabarani. Inachujwa, inatoka kule juu darini. Mwalimu alilazwa Februari."

"Ni namna ya kusema tu. Nilimaanisha mlango."

"Uliandika dirisha. Kurasa nne, ukapiga chapa, ukasaini. Sijui kama ilikuwa Ijumaa."

"Madam, chunga ulimi wako. Nimefundisha watu wenye—"

"Na kitunguu saumu?"

"Kila kitabu cha fani hii kinasema kitunguu saumu!"

"Sikuuliza kitabu, nauliza pua yako. Sista, siku ile chumba hiki kilinuka nini?"

Sista Amankwaa alikuwa ameushika mlango. Alimtazama Profesa, ambaye alimtazama kwa jicho lile lililokuwa limeiendesha wodi hiyo miaka kumi na moja.

"Nakuuliza harufu tu," alisema Dufie. "Harufu haina pensheni."

"Dokono," alisema Sista. "Huwa wananuka dokono, wote. Tunawaonya ndugu kabla, wasishtuke. Hata wale madaktari wanaosoma wanajua, wanaitana njooni muone, dokono imeiva." Akauachia mlango. "Profesa hajui kwa sababu hajawahi kukaa."

"Comfort. Fikiri kabla hujasema."

"Nimefikiri mwezi mzima, Profesa."

Dufie akafungua daftari la kabati juu ya kitanda kitupu.

"Sindano ya kwanza saa nne na dakika tano, ulikuwa unajiandaa. Seli zimetoka pipani, zimeyeyuka. Sindano ya pili saa sita na dakika kumi. Ya kwanza ilikuwa inakwisha nguvu na alikuwa hajapewa kitu. Saa mbili nzima, Sista. Mfuko ulikuwa unasubiri nini?"

"Wageni," alisema Sista.

Kisha akaeleza yote, kwa sauti kavu, kama anakabidhi zamu. Profesa alitaka wakaguzi waone tiba kwa macho yao, ipendeze. Alipiga simu saa nne kasoro akaamuru mfuko uyeyushwe, anakuja nao. Wakaguzi wakapelekwa kwanza kunywa chai, wakaonyeshwa jengo jipya, wakakaribishwa chakula. Walikula fufu na supu ya mbuzi mpaka saa sita, wakapanda gari lao wakarudi Accra bila kupita wodini. Ndipo simu ikaja, mpeni. Seli zilipogoma kuota, Profesa alifika na karatasi mpya, akachukua ya zamani, akamwambia kila mtu alikuwa amesimama wapi.

Profesa alikaa kwenye kiti cha wageni. Koti lilibaki limesimama, yeye alikuwa ameshuka ndani yake.

"Kibali kilikuwa kinategemea siku ile," alisema. "Huelewi. Ukiondoa kitengo hiki, hakuna kingine upande huu wote. Nani atawafundisha hawa vijana?"

"Kufundisha nini?" aliuliza Dufie.

Alimsubiri ajibu, kwa dhati kabisa, kwa sababu alitaka kujua. Dufie akamwambia asimame, akamwambia avue koti, maana hataki kumpakia garini na vazi la daktari, na kwenye korido akampitisha mbele ya katibu muhtasi, ambaye safari hii aliinua macho.

*

Saa saba na dakika ishirini Daktari Frema Bempah aliletwa kwenye chumba cha mahojiano cha kituo. Alikuwa na miaka thelathini na tatu, nywele zimekatwa chini, miguu peku kwa kuwa mahabusu hanyimwi kitu kwa haraka kama viatu. Dufie alimwekea viatu vyake mezani na kumsukumia chupa ya maji.

"Umekwisha. Yaani kesi yako imekwisha. Seli zilikuwa nzima, Issaka ana ushahidi. Profesa yuko chumba cha pili anatafuta wakili. Sista ameandika maelezo. Saini hapa kwamba umepokea vitu vyako, uende nyumbani ukaoge."

Frema hakugusa viatu wala maji.

"Sista amesema kuhusu simu?"

"Amesema Profesa alipiga saa nne na saa sita."

"Hizo ni zake. Zangu je?"

Dufie, aliyekuwa ameshafunga kalamu, alimtazama vizuri.

"Nilimpigia mara sita nikiwa kando ya Mwalimu," alisema Frema. "Mara ya kwanza alisema dakika kumi. Ya pili akasema wanamalizia chai. Ya nne hakupokea. Ya tano nilimwambia seli zinakufa, Profesa, zinakufa mkononi mwangu. Akasema, kitabu chako nakisaini mimi au unakisaini mwenyewe? Nikasikia wenzake wanacheka."

"Hayo yanambana yeye. Wewe yanakusafisha."

"Ngoja nimalize. Mfuko ulikuwa kwenye maji, mrija ulishaunganishwa kifuani kwa Mwalimu. Kati yangu na kitanda kulikuwa na hatua mbili. Sikuhitaji saini kufungua ule mrija, nilihitaji mkono tu. Mimi nimefanya tiba sitini na moja. Dakika ya thelathini nilijua. Dakika ya arobaini nilijua zaidi. Nilikuwa natazama saa ya ukutani na nahesabu zilizobaki hai, kichwani, kama mtihani." Sauti yake haikutetemeka, na hilo ndilo lililomsumbua Dufie. "Mwalimu akaniuliza, Daktari, tunamsubiri nani? Nikamwambia mashine ya maji bado haijapata joto. Akasema haya, hakuna haraka. Akanitania, akasema wanafunzi wake nao huwa wanasingizia umeme."

Nje, kwenye benchi la kaunta, mtu alikuwa anagombana kuhusu pikipiki.

"Ndiyo maana ulinyamaza," alisema Dufie.

"Niseme nini? Kwamba mimi si mwizi wa uhai wa mtu, mimi ni mwoga tu? Miezi saba ilikuwa imebaki nimalize. Nilimwacha afe kwa ajili ya miezi saba."

Asubuhi yote Dufie alikuwa amebeba dharau yake mkononi, akiigawa bila kujuta, na kila aliyempa alistahili. Sasa alitafuta sehemu ya kuiweka hapa na hakujua. Alimwonea huruma yule mwanamke, na alimkasirikia, vyote kwa pamoja.

"Sikia, Frema. Hayo uliyoniambia sijayaandika. Sista hakuyataja. Nikibaki nayo hapa, unatoka mlango huo, unamaliza mafunzo kwingine. Nikiyaandika, hutoki leo. Utasimama kwa hakimu saa nane, na Profesa pembeni yako."

"Nasimama kama nini?"

"Kama mtu aliyekuwepo."

Frema akakisukuma kile kikaratasi cha kupokelea vitu, pamoja na viatu, mpaka upande wa Dufie wa meza.

"Basi niandike nilikuwepo," alisema. "Kweli nilikuwepo, mimi peke yangu."

Simu ya mezani ikaanza kulia. Ilikuwa ya Kamanda, hakuna mwingine aliyekuwa na namba ile, na ilikuwa saa nane kasoro dakika ishirini. Dufie aliiacha ilie mpaka ikachoka. Akafungua ukurasa mpya, akaandika tarehe, akaandika jina la Profesa Tieku Nimako kwenye mstari wa kwanza. Kisha akaandika la Daktari Frema Bempah kwenye mstari wa pili, kwa herufi zilezile, akamwambia aanze tangu simu ya kwanza.